Picha Inayosema Kweli Juu ya Mtu

Mtu akifariki dunia, jamaa zake hutafuta upesi picha yake moja nzuri ili ikuzwe na kuwekwa mbele ya jeneza siku ya mazishi, na baadaye itundikwe ukutani nyumbani. Hapo ndipo watu wengi hutambua kwamba picha waliyo nayo ni ile ya kitambulisho tu. Macho yamekodoka, mabega yamekakamaa, na uso hauonyeshi habari yo yote ya yule mtu aliyejulikana kijijini kwa ucheshi wake, au kwa upole, au kwa ukali wake wa haki. Watoto huitazama picha hiyo na kusema, "Mama hakuwa hivi."

Sababu yake ni nini? Wengine husema kamera ilikuwa mbaya, na wengine humlaumu marehemu kwamba hakujua kukaa vizuri. Lakini wenye ujuzi wa kazi hii wanafahamu kwamba picha ya mtu hutengenezwa na watu wawili, yule apigaye na yule apigwaye, na kwamba tabia ya kweli haionekani mpaka yule wa pili apewe nafasi na heshima ya kujionyesha mwenyewe. Mifano mitatu, mmoja wa Ujerumani, mmoja wa Mali na mmoja wa Algeria, yaweza kulieleza jambo hili.

WAKULIMA WA WESTERWALD

Bwana August Sander alizaliwa mwaka wa 1876 katika mji mdogo wa Herdorf, Ujerumani. Baba yake alikuwa seremala wa machimbo ya madini, na yeye mwenyewe alifanya kazi machimboni alipokuwa kijana. Baadaye alijifunza kupiga picha, akafungua studio katika mji wa Köln. Ili kupata wateja zaidi alikuwa akienda mashambani, katika vilima vya Westerwald, kuwapiga picha wakulima na jamaa zao.

Desturi ya wapiga picha wengi wa siku zile ilikuwa kumweka mteja mbele ya pazia lililochorwa nguzo na bustani, kisha kuyafuta makunyanzi yake kwa brashi wakati wa kuitengeneza picha. Bwana Sander aliacha hayo. Aliwapiga watu picha mahali pao pa kawaida, njiani, nyumbani au kazini, nao walivaa nguo zao wenyewe. Kamera yake ilikuwa kubwa, yenye kutumia mabamba ya kioo, na ilimlazimu mtu atulie kwa sekunde kadhaa. Muda huo ulikuwa na faida yake. Mtu hawezi kushikilia tabasamu la uwongo kwa sekunde nyingi. Huchoka, na uso wake hurudi katika hali yake ya kila siku.

Picha yake moja yenye sifa kubwa ilipigwa mwaka wa 1914. Inaonyesha vijana watatu wa mashamba wakiwa njiani kwenda kwenye dansi, wamevaa suti za rangi nzito na kofia, na bakora mikononi. Mmoja ana sigara mdomoni na kofia yake imekaa upande. Mwingine amesimama wima kama askari. Nguo zao ni za namna moja, lakini atazamaye hutambua mara moja kwamba kila kijana ana tabia yake.

Mwaka wa 1929 Bwana Sander alitoa kitabu chenye picha 60 za Wajerumani wa kila hali: mkulima, fundi, mpishi, mwanafunzi, tajiri, na mtu asiye na kazi. Wote walipewa heshima sawa. Serikali ya Wanazi, iliyotwaa madaraka mwaka wa 1933, ilifundisha kwamba Mjerumani wa kweli ana sura ya namna moja tu, na kitabu kama hicho hakikupatana na mafundisho hayo. Mwaka wa 1936 mabamba ya kukichapia yaliharibiwa. Mwanawe, Erich, aliyewapinga Wanazi, alitiwa gerezani mwaka wa 1934, akafia kifungoni mwaka wa 1944. Yafaa ikumbukwe, basi, kwamba uso wa mtu wa kawaida ukionyeshwa kwa kweli ni jambo zito, hata wenye nguvu waweza kuuogopa.

STUDIO YA BAMAKO

Bwana Seydou Keïta alizaliwa Bamako, mji mkuu wa Mali, yapata mwaka wa 1921. Hakupata kusoma shuleni; alifundishwa useremala. Mwaka wa 1935 ami yake alirudi kutoka Senegal akampa kamera ndogo ya Kodak, na kijana akaanza kuwapiga picha watu wa nyumbani. Mwaka wa 1948 alifungua studio yake, si mbali na stesheni ya reli. Wateja wakaja wengi: makarani, wafanyabiashara, akina mama na watoto wao, na vijana waliotaka kuwapelekea jamaa zao picha.

Bwana Keïta alitumia mwanga wa jua, na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu. Kwa hiyo kazi yake kubwa aliimaliza kabla hajafyatua kamera. Alimketisha mteja, akamgeuza mabega kidogo, akautazama uso ulivyopokea mwanga, akaiweka mikono mahali pake. Nyuma ya mteja alitundika kitambaa, na kwanza kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Kitambaa hicho alikibadilisha kila baada ya miaka michache, hata siku za uzeeni aliweza kujua mwaka wa picha kwa kuangalia kitambaa kilichokuwa nyuma.

Studio ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, Bwana Keïta alipokuwa mpiga picha wa serikali ya Mali. Mwaka wa 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York bila jina lake, kwa maana waonyeshaji hawakumjua mwenyewe. Mwaka wa 1994 zikaonyeshwa Paris kwa jina lake, na sifa zake zikaenea duniani. Alifariki mwaka wa 2001.

JE, SAA YA KUAZIMA NI UWONGO?

Hapo msomaji aweza kuuliza swali la haki. Bwana Keïta aliweka katika studio yake suti, tai, saa za mkono, kalamu, redio na hata pikipiki ndogo, na mteja aliyetaka aliweza kuvitumia katika picha yake. Wahenga wamesema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Basi je, picha ya karani aliyevaa saa isiyo yake yaweza kuitwa picha ya kweli?

Jibu limo katika nyuso zenyewe. Katika mojawapo ya picha hizo zinazojulikana sana, kijana mwenye miwani, aliyevaa suti nyeupe na tai, ameshika ua moja mkononi kwa uangalifu mkubwa. Atazamaye hawezi kujua ni kipi kilicho chake na ni kipi cha studio. Lakini huona wazi jinsi kijana huyo alivyotaka kujulikana: mtu safi, mpole, mwenye matumaini. Matumaini hayo hakuyaazima. Mkulima wa Westerwald alijionyesha kama alivyokuwa, na kijana wa Bamako alijionyesha kama alivyotarajia kuwa. Wote wawili walichagua wenyewe, na mpiga picha hakuwaamulia.

PICHA ZILIZOPIGWA KWA NGUVU

Mfano wa tatu ni wa huzuni. Mwaka wa 1960, wakati wa vita vya uhuru vya Algeria, jeshi la Ufaransa lilimwamuru askari wake mmoja, Bwana Marc Garanger, awapige picha za vitambulisho watu wa vijiji vilivyokuwa chini ya ulinzi. Kwa muda wa siku kumi hivi alipiga picha za watu wapatao 2,000, wengi wao wanawake. Wanawake hao waliamriwa kuondoa shela zao mbele ya mwanamume mgeni, jambo lililokuwa aibu kubwa kwao.

Hawakuweza kukataa kwa maneno, lakini walikataa kwa macho. Baadhi yao wanatazama kwa hasira ambayo haijapungua ukali hata leo. Bwana Garanger mwenyewe hakuviunga mkono vita hivyo, na mwaka wa 1982 alizitoa picha hizo katika kitabu ili watu waone yaliyotendeka. Hizo nazo ni picha za kweli, ila ukweli wake wahusu nguvu iliyotumika. Jinsi mama yule alivyocheka na wanawe, au alivyopokea wageni nyumbani kwake, haionekani humo hata kidogo.

MAMBO YA UFUNDI

Siku hizi watu wengi wana simu yenye kamera, na ye yote aweza kumpiga mzee wake picha ya kweli akifuata mambo machache.

La kwanza ni mwanga. Jua la saa sita mchana hutia giza katika matundu ya macho. Ni afadhali mtu akae barazani au mlangoni, penye kivuli, uso wake ukielekea nje.

La pili ni mahali pa nyuma. Kamera hupima mwanga wa picha nzima. Kukiwa na ukuta mweupe au anga nyuma ya mtu mweusi, kamera hudanganyika ikapunguza mwanga, na uso hutoka kama kivuli. Ukuta wa udongo, mlango wa mbao au kitambaa cha rangi nzito hufaa zaidi. Kwa simu, mpigaji aguse uso ulipo kwenye kioo ili mwanga upimwe hapo.

La tatu ni umbali na kimo. Kamera ikiletwa karibu mno hukuza pua na kupunguza masikio. Mpigaji arudi nyuma hatua mbili au tatu, na kamera iwe sawa na macho ya anayepigwa. Ikishikwa juu, mtu mzima huonekana kama mtoto. Ikishikwa chini, huonekana mwenye kiburi.

La nne ni mikono. Watu wengi hawajui waiweke wapi. Fundi na akae kwenye cherehani yake, na bibi ashike ungo wake au mjukuu wake. Mikono ikipata kazi, uso nao hutulia.

La tano ni subira. Haifai kumwamuru mtu acheke. Uso uliotulia si uso wa hasira, na wazee wengi huona kwamba kucheka mbele ya kamera ni kukosa adabu. Mpigaji amwulize habari za kazi yake au za ujana wake, amsikilize mpaka mwisho, na apige picha mara tu baada ya jibu, wakati fikira zingali usoni. Kisha asitumie zile programu za simu zinazong'arisha ngozi na kufuta makunyanzi. Makunyanzi ya bibi ni sehemu ya historia yake.

HAKI YA MWENYE USO

Kabla ya yote hayo mpigaji aombe ruhusa, aeleze picha itatumiwa wapi, na akubali akikataliwa. Katika Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 yahusu pia picha inayomtambulisha mtu, na wako wenye biashara waliokwisha kutozwa faini kwa kutangaza picha za watu bila idhini yao. Tena ni desturi njema kumpa mwenye uso nakala yake, kwa maana yeye ametoa nusu ya kazi.

Wenye wazazi na wazee walio hai wasingoje siku ya msiba. Picha ikipatikana, itolewe kwenye karatasi, kwani simu hupotea na kuharibika. Na nyuma yake yaandikwe kwa kalamu jina la mtu, mahali na mwaka, ili wajukuu watakaoitazama wajue ni nani anayewatazama.