Jogoo Asipopanda Mtungi, Anza na Kupima Presha

Minada ya korosho ikifunguliwa mwezi Oktoba, fedha huingia Nachingwea na Ruangwa, na wauza dawa za nguvu za kiume huzifuata. Stendi na gulioni kuna vumbi la Kongo, mizizi ya mkuyati na chupa zisizo na lebo. Mkulima aliyelibeba jambo lake kimya tangu masika hununua upesi, hutia mfukoni na kuondoka. Hakuna aliyemuuliza umri, wala kama huamka usiku kukojoa mara nyingi, wala presha yake ilipimwa lini. Maswali hayo ndiyo tiba inapoanzia, kwa sababu mwanaume aliyevuka miaka 40 akiona jogoo hapandi mtungi, mara nyingi mwenye kuumwa ni mishipa yake ya damu.

Uume husimama kwa damu. Hamu ikija, neva hupeleka ujumbe na kuta za mishipa huachia gesi iitwayo nitriki oksaidi. Mishipa hulegea, damu hujaa ndani ya uume, na shinikizo lake huibana mishipa ya kurudishia damu ili isitoke. Mwaka 1998 Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha kazi ya gesi hiyo katika mishipa. Mwaka huohuo Marekani iliidhinisha Viagra, dawa ambayo kampuni ya Pfizer ilikuwa imeanza kuijaribu kwa maumivu ya kifua yatokanayo na moyo.

Moyo na uume vinahusiana hivyo kweli. Ateri za uume zina upana wa milimita 1 hadi 2, za moyo 3 hadi 4. Sukari, presha na sigara zinapoharibu mishipa, ile myembamba huonyesha kasoro kwanza. Mwanaume anaweza kupungukiwa nguvu miaka miwili, mitatu, hata mitano kabla kifua hakijambana. Utafiti wa wagonjwa wa kisukari wa Hospitali ya Taifa Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta zaidi ya nusu ya wanaume hao wana tatizo hili kwa kiwango fulani. Wengi nchini hawajui hata kama wana kisukari.

Kwa hiyo hali ikidumu miezi mitatu, nenda zahanati au hospitali ya wilaya, upimwe presha na sukari. Mweleze daktari kama uume bado husimama alfajiri. Kama husimama vizuri wakati huo, huenda mwili uko salama na kinachosumbua ni deni, msiba au ugomvi wa nyumbani, na hapo kuzungumza na mama watoto hufanya kazi kubwa kuliko kidonge. Taja pia dawa unazomeza. Baadhi ya dawa za presha hupunguza nguvu, lakini usiziache kwa uamuzi wako. Daktari anaweza kukubadilishia. Na usifiche gongo ya mabibo. Pombe nyingi ya miaka mingi huharibu neva na homoni, nami naiona sababu tunayoipuuza mno huku kusini.

Mkoa wa Lindi una jambo lake jingine, mabusha. Wazee wengi bado wanalaumu madafu, ilhali minyoo midogo inayoenezwa na mbu ndiyo huleta matende na mabusha. Vidonge vya kingatiba vinavyogawiwa vijijini vinailenga minyoo hiyo. Busha lenyewe haliui nguvu za kiume. Likiwa kubwa huufunika uume, tendo la ndoa likashindikana, na mtu akaanza kukwepa hata msikiti na harusi. Upasuaji wake ni wa kawaida, na inaniuma kuona mtu akiishi na aibu hiyo miaka ishirini.

Turudi kwenye vumbi. Sibezi tiba asili. Ina sheria yake tangu mwaka 2002 na baraza linalosajili dawa, basi muulize muuzaji usajili wake. Hatari ni kwamba katika nchi nyingi, dawa zinazoitwa za miti shamba zimekutwa zimechanganywa kwa siri na sildenafili, kiini cha Viagra. Anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti akiimeza, presha yake inaweza kushuka hadi akafa. Kwa mwingine ni dawa nzuri, akiandikiwa na daktari: humezwa takriban saa moja kabla ya tendo, na bila hamu haifanyi kitu. Uume ukisimama zaidi ya saa nne bila kulegea, usisubiri kukuche. Nenda hospitali usiku huohuo, useme ulichomeza.