Muthurwa: Kazi Ikiisha, Mzee wa Reli Aende Wapi?

Reli iliyouzaa mji wa Nairobi ilianzia kwetu Mombasa mwaka 1896, ikafika huko bara mwaka 1899. Watu walioitumikia walihitaji pa kulala, na ndipo shirika la reli lilipojenga Muthurwa, karibu na stesheni, kwa wafanyakazi wake Waafrika.

Vyumba vilipangwa safu kwa safu. Mfereji na vyoo vilikuwa vya shirika. Mkoloni alimhesabu mfanyakazi kuwa mtu pekee, mkewe na wanawe wabaki mashambani. Lakini mtu ni watu. Miaka ilivyopita watoto walizaliwa, majirani wakaozana na kuzikana, na landi ya wafanyakazi ikageuka kuwa kwao.

Sisi wa Pwani twaujua uchungu wa pango. Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa, wakiwamo wa bandari na wa reli, waligoma kwa siku 12. Walidai mshahara unaotosha chakula na nyumba pia.

Huko Muthurwa mambo yalikuja kugeuka. Mwaka 2006 mtaa ulitiwa mikononi mwa mfuko wa malipo ya uzeeni wa wafanyakazi wa reli, ili mali hiyo isaidie kuwalipa wastaafu. Julai 2010 wapangaji wakatakiwa wahame. Nyumba zikaanza kubomolewa, maji yakakatwa. Ajabu ni kwamba baadhi ya waliofukuzwa walikuwa wenyewe wazee wa reli. Basi ili mzee mmoja apate haki yake, mwenzake atolewe nje?

Wapangaji walikwenda mahakamani, wakitegemea Katiba mpya ya 2010, ambayo kifungu chake cha 43 chataja haki ya makazi. Agosti 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilivunjwa. Haikuwapa nyumba hizo milele. Iliagiza wenye mali na wapangaji wakae pamoja na kupanga namna ya kuhama kwa utu.

Hapo ndipo penye funzo. Mwenye mali ana haki ya mali yake, na mstaafu ana haki ya kiinua mgongo chake. Lakini nyumba aliyopewa mtu kwa sababu ya kazi ni sehemu ya ujira wake, na aliyeitoa hawezi kuidai kama kwamba ndani hamna watu. Ampe muda, na amwambie aende wapi.