Eka Moja ni Kiasi Gani?

Mwanachama akiulizwa ukubwa wa shamba lake, mara nyingi hujibu kwa kuhesabu mikarafuu. Hesabu hiyo yafaa kwa mavuno, lakini haifai kwa ardhi. Mikarafuu hufa na mingine hupandwa. Ardhi ni ile ile. Panapotokea mabishano ya mpaka, au mtu anapotaka kukodi konde, kinachohitajiwa ni kipimo.

Eka ni kipimo cha Kiingereza. Zamani kilihesabiwa kuwa kazi ya siku moja ya kulima kwa maksai: urefu yadi 220, upana yadi 22. Zidisha, utapata yadi za mraba 4,840. Yadi moja ni futi 3, kwa hiyo eka ni futi za mraba 43,560. Ule upana wa yadi 22 ndio urefu wa mnyororo wa wapima ardhi, uliotengenezwa na Mwingereza Edmund Gunter mwaka 1620. Asiye na mnyororo atumie kamba isiyonyumbuka.

Jihadharini na kupima kwa kuzunguka. Konde la yadi 70 kwa 70 lina mzunguko wa yadi 280, na eneo lake ni yadi za mraba 4,900, yaani eka moja na ziada kidogo. Konde la yadi 120 kwa 20 lina mzunguko wa yadi 280 vile vile, lakini eneo lake ni 2,400 tu: halitimii nusu eka. Aliyelikodi kwa bei ya eka nzima amelipa maradufu na zaidi.

Tena msichanganye eka na hekta. Hekta moja ni karibu eka mbili na nusu. Mashamba ya eka tatu yaliyogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 ni kama hekta 1.2 kila moja.

Faida ya kujua haya huonekana hata wakati wa kupanda. Miche ikiachana futi 22 kila upande, kila mmoja huchukua futi za mraba 484. Eka moja itatosha miche 90, na eka tatu 270. Mtu hataagiza miche ya kuozea kivulini.

Basi, ndugu wanachama, kabla ya kutia sahihi au dole gumba, pimeni urefu, pimeni upana, mzidishe, kisha mgawe kwa 4,840.