Mtoto yuko Laela, mama yuko Uingereza

Tuseme mama ni nesi. Alitoka Laela akaenda Uingereza, akamwacha binti yake mdogo kwa bibi. Sasa amepata ukaazi wa kudumu na anamtaka mwanawe. Baba wa mtoto aliondoka zamani, mara ya mwisho alionekana Tunduma. Hapo kijijini hakuna anayeuliza mtoto huyo ni wa nani. Ofisa wa viza atauliza, na jibu atalitaka kwenye karatasi.

Kanuni za Uingereza zinamruhusu mtoto aliye chini ya miaka 18 kuwafuata wazazi wenye ukaazi. Mzazi akiwa huko peke yake, mara nyingi hutakiwa kuthibitisha kwamba jukumu la malezi ni lake yeye tu. Hapo ndipo bibi anapoweza kuyaponza maombi bila kukusudia. Yeye ndiye anayempeleka mtoto zahanati, ndiye anayekaa kwenye vikao vya wazazi shuleni, ndiye anayejua mtoto hali maharage. Kadiri bibi alivyolea vizuri, ndivyo faili la mama linavyoonekana jepesi. Kwetu mtoto kulelewa na bibi ni jambo la kawaida kabisa. Mgeni akisoma faili lile anaweza kudhani mama alimtelekeza.

Baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilifafanua jambo hili mwaka 2006, katika shauri linaloitwa TD (Yemen). Lilisema kazi za kila siku zinaweza kufanywa na ndugu. Kinachopimwa ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya makuzi ya mtoto. Kwa hiyo barua ya bibi isemayo "huyu nimemlea mimi mwenyewe", pamoja na ukweli wake wote, haitoshi. Inayosaidia ni ile inayoeleza shule ilichaguliwa na nani, ada ilitumwa na nani, na mtoto alipolazwa nani alipigiwa simu kuamua. Iambatane na barua ya mwalimu mkuu, risiti za fedha zilizotumwa kwa simu, na meseji za miaka yote, si za mwezi uliopita.

Vishoka wana njia yao fupi: kiapo kwamba baba amefariki, kumbe yupo Mpanda anauza mahindi. Uongo huo ukigundulika unalizamisha hata lililokuwa kweli. Baba akiwa hai na anapatikana, aandike ridhaa. Akikataa, au asipopatikana, Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inatoa njia ya kuomba mahakamani amri ya malezi. Hata nchi za Umoja wa Ulaya, chini ya agizo lao la mwaka 2003 kuhusu kuunganisha familia, zinaweza kudai ridhaa ya mzazi wa pili pale malezi yanapokuwa ya pamoja.

Halafu kuna cheti cha kuzaliwa. Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta robo tu ya watoto walio chini ya miaka mitano ndio waliosajiliwa. Wengi wanakimbilia RITA, wakala wa usajili, safari inapokaribia. Cheti hicho ni halali, ila cheti cha mwezi jana kwa mtoto wa miaka 12 humtia ofisa shaka. Ufipa, iliko Laela, ina ushahidi ambao sehemu nyingi hazina. Wamisionari wa Afrika walifika Karema mwaka 1885, na tangu hapo parokia zimeandika ubatizo kwa bidii: siku ya kuzaliwa, wazazi, msimamizi. Mstari ulioandikwa katika parokia ya Kate au Zimba wakati mtoto ana wiki chache, kabla yeyote hajaota viza, una uzito. Kadi ya kliniki vilevile.

Tatizo ni majina. Parokiani mtoto ni Anastazia, shuleni anatumia jina la babu, kwenye kadi ya kliniki nesi aliandika alichosikia. Hati ya kiapo ya wakili inayaunganisha, na ni afadhali iandaliwe kabla ya pasipoti. Shaka ikibaki, ubalozi unaweza kupendekeza kipimo cha vinasaba, ambacho kimewahi kufichua ndani ya nyumba mambo ambayo hakuna aliyeyaulizia.

Pasipoti, ambayo ada yake ni shilingi 150,000, inaombwa Uhamiaji mjini Sumbawanga. Alama za vidole kwa ajili ya viza ni Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi, na vidole havitumwi kwa posta.

Umri nao haungoji. Denmark kwa kawaida hupokea watoto walio chini ya miaka 15. Ujerumani, kwa baadhi ya wazazi, mtoto aliyefikisha miaka 16 akija peke yake baadaye hudaiwa Kijerumani cha kiwango cha C1, ambacho hata mtu mzima msomi hukitolea jasho.

Nesi wetu ana nafasi. Wapo dada zetu wengine waliokwenda kuhudumia wazee majumbani. Uingereza iliamua kwamba aliyeingia kwenye kazi hiyo kwa viza iliyoombwa kuanzia tarehe 11 Machi 2024 haruhusiwi kuleta mume wala mtoto, na mwaka 2025 ikafunga maombi mapya ya kazi hiyo kutoka nje. Wakala aliyewaahidi "nenda kwanza, mtoto atafuata" hakuwaambia hilo, na tarehe ya viza ilipaswa kuulizwa kabla bibi hajakabidhiwa mtoto.