Sura ya 6: Mpambaji wa Seti

Machi 1986, filamu ya Out of Africa, iliyopigwa Kenya, ilizoa tuzo 7 za Oscar. Moja ilikuwa ya mandhari, nayo walipewa watu wawili: Stephen Grimes aliyebuni mandhari, na Josie MacAvin, mwanamke wa Ireland aliyepamba seti. Mbunifu huamua nyumba iweje: kuta, madirisha, rangi. Mpambaji huifanya ionekane inakaliwa: mapazia, mazulia, taa, vitabu, hata vumbi la juu ya kabati. Kile anachokishika mwigizaji, kama barua au bastola, huwa chini ya msimamizi wa vifaa vya uigizaji.

Katika filamu hiyo, mhusika mkuu, Karen Blixen, anafika shambani kwake na masanduku ya vyombo vya kaure na bilauri za kioo. Ana pia saa ya ukutani yenye ndege anayechomoza na kulia. Watoto wa Kikuyu wanakuja kuitazama, na ndege akitokeza wanatimua mbio. Karibu na mwisho, mali yake inatandazwa bustanini iuzwe, na vyumba vinabaki vitupu. Kufilisika kwake tunakuona kwa macho. Utupu ule unauma kwa sababu vyumba vilijazwa kwa makini tangu awali. Kuondoa vitu nako ni kupamba.

Kazi huanzia kwenye muswada. Mpambaji huorodhesha kila chumba, kisha hujiuliza: mwenyewe ana umri gani? Kipato chake kikoje? Ni kitu gani hawezi kukitupa? Majibu hugeuka bajeti: hiki kinunuliwe, hiki kikodiwe, kile kiazimwe, kingine kichongeshwe kwa seremala. Vitu vipya huchakazwa. Kitambaa cheupe mno, kwa mfano, huchovywa kwenye chai ya rangi ili weupe usiwake mbele ya kamera. Seti huwa tayari kabla wapigapicha hawajafika, na kila meza hupigwa picha, kwa kuwa matukio hayarekodiwi kwa mfuatano wa hadithi; kikombe kikihama, mtazamaji atagundua. Mwishoni vilivyokodiwa na vilivyoazimwa hurudishwa kwa wenyewe.

Kwetu, ambako filamu nyingi hupigwa kwenye sebule za kuazima, kazi hii mara nyingi huachiwa yeyote aliye karibu, na hasara yake huonekana. Chukua ofisi ya serikali ya Dodoma mwaka 1990. Picha ya Rais ukutani lazima iwe ya Ali Hassan Mwinyi. Ikiwekwa ya Nyerere, hadithi imerudi nyuma miaka mitano au zaidi. Kalenda, simu ya mezani, chapa ya sabuni dirishani, vyote vina mwaka wake, na watazamaji walioishi miaka hiyo wanaujua.

Wengi huingia kama wasaidizi wa kubeba samani. Wengine hutokea kwenye tamthilia za jukwaani au useremala. Anayeitaka kazi hii apekue albamu za wazee, azunguke masoko ya mitumba, aandike bei na majina ya wenye vitu vya zamani. Na watayarishaji wamtengee fungu lake tangu bajeti ya kwanza, maana sebule isiyo na mwenyewe humnyima mwigizaji hodari mahali pa kusimama.