Afya ya Roho Kando ya Mashine

Figo zangu ziliposhindwa kazi, kitu cha kwanza nilichonyang'anywa kilikuwa chai.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Maseno. Kwetu maombi ya nyumbani hayamaliziki mpaka birika lizunguke. Lakini mwili wangu hautoi maji tena: ninachokunywa hubaki ndani, miguu ikafura, pumzi ikakata. Basi nikaanza kuwakwepa akina mama wa kanisa kwa kuogopa kikombe. Upweke ule ukawa ugonjwa wa pili.

Mara mbili kwa wiki napanda matatu alfajiri kwenda Kisumu, Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia. Damu husafishwa kwa mashine kwa muda wa saa nne, na kitini pale maswali hayakosi. Nimewalemea wanangu? Bado nina kazi gani duniani? Hayo nayo ni maumivu.

Cicely Saunders, daktari Mwingereza aliyefungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba mgonjwa huumia mwilini, akilini, katika jamaa zake na rohoni. Siku hizi watafiti wana dodoso la maswali 12 la kupima afya ya roho. Huuliza kuhusu amani, maana ya maisha na imani. Kwa hiyo hata asiyekanyaga kanisani wala msikitini ana roho inayohitaji kutunzwa.

Wapo walioniambia nikiamini kweli niiache mashine. Figo zikishakufa kabisa, anayeiacha kwa kawaida hamalizi majuma mengi. Misheni ya Maseno, iliyoanza mwaka 1906, ilitulea kwa kanisa, shule na hospitali pamoja. Kwetu sala haijawahi kuwa adui wa tiba.

Kilichoniinua ni kazi. Kasisi alinikabidhi darasa la kipaimara, nami siku zisizo za mashine nafundisha nikiwa nimeketi. Akina mama nao wamerudi kwangu kuomba, na hakuna anayenisukumia kikombe.

Ukimtembelea mwenye ugonjwa huu, usimpime imani. Muulize kama ana amani, mpe jukumu analoliweza, kisha uchangie nauli: bima ya afya ya serikali, SHA, hulipia mashine, matatu hailipii.