Ufunguo Uliokosekana: Kanuni za Kiwandani Zilivyoingia Wodini Mbeya

Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali ambayo jina lake nitalisitiri, niliketi kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi huku shemeji yangu akivuja damu baada ya kujifungua. Dawa ya kuikata damu hiyo ilikuwamo ndani ya jokofu. Kilichokosekana ni ufunguo wa chumba chenye jokofu. Muuguzi wa zamu ya mchana alikuwa ameondoka nao mfukoni, na mwenzake wa usiku akawa anakimbia huku na huku akiutafuta. Alhamdulillahi, shemeji yangu yu hai. Ila nakiri kwamba usiku ule nilimlaani moyoni yule muuguzi wa mchana, ambaye hata sura yake sikupata kuiona.

Wajapani wana neno “muda”, nalo kwao maana yake ni upotevu: kila nguvu, mali au dakika inayotumika pasipo kumfaa yule anayehudumiwa. Letu tulilipata kwa Waarabu, lao lina asili nyingine kabisa. Yamekutana kwa sadfa tu. Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, aliutafuta upotevu huo kiwandani baada ya Vita Kuu ya Pili, akauhesabu kuwa wa aina saba: kutengeneza kupita mahitaji, kungoja, kuhamisha vitu bila sababu, kuifanyia bidhaa kazi isiyotakiwa, kulimbikiza ghalani, mizunguko ya mwili isiyo na faida, na kuharibu kazi hata irudiwe. Aliuona ule wa kwanza kuwa mbaya kuliko yote, kwa sababu huzaa mingine. Toyota ya siku zile haikuwa na fedha za kujaza maghala kama matajiri wa Marekani. Ukata ndio uliokuwa mwalimu wake, na hapo ndipo habari hii inapotuhusu sisi.

Kwa hospitali zetu, elimu hiyo ya kiwandani ilianzia Mbeya. Mwaka 2007, kwa msaada wa shirika la maendeleo la Japani, JICA, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, ambayo leo hutegemewa na mikoa saba ya Nyanda za Juu Kusini, ilichaguliwa kuwa ya majaribio. Mfano ulioigwa ulitoka Sri Lanka, katika hospitali ya wanawake ya Castle Street mjini Colombo, iliyokuwa imeonyesha kwamba nchi isiyo tajiri inaweza kuiboresha wodi yake kwa kuanzia na mpangilio. Hatua zake tano zikapewa majina ya Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia.

Kusasambua ni kutoa kila kisichohitajika: kitanda kilichovunjika, majalada yaliyokufa, mashine isiyopona. Kuseti ni kukipa kila kilichobaki mahali pake, na alama ambayo hata mgeni wa zamu ataisoma. Dawa inayokaribia kuharibika hukaa mbele ili itoke kwanza. Ufunguo ule ungekuwa na msumari wake ukutani. Kusafisha kunaeleweka. Kusanifisha ni kuandika utaratibu ili usitegemee kumbukumbu ya mtu mmoja. Kushikilia ndiko kugumu.

Baada ya hatua hizo ndipo huja kaizen yenyewe, yaani wafanyakazi kukaa pamoja na kulichimba tatizo hadi mzizi. Ohno aliwazoesha watu wake kuuliza “kwa nini” mara tano. Nimelijaribu swali hilo kwa usiku wangu. Kwa nini dawa ilichelewa? Chumba kilifungwa. Kwa nini hakikufunguliwa? Ufunguo uliondoka na mtu. Kwa nini aliondoka nao? Hapakuwa na mahali pa kuuacha. Kwa nini hapakuwapo? Makabidhiano ya zamu hayakuutaja ufunguo. Na kwa nini hayakuutaja? Hakuna aliyepewa jukumu la kuyaandika. Jina la muuguzi halikutokea popote katika majibu hayo.

Wizara ya Afya iliueneza utaratibu huu katika hospitali nyingine, na kuanzia 2013 Wizara ya Viwanda na Biashara nayo, kwa msaada wa JICA, ikaupeleka kwa wenye viwanda. Mimi si mshabiki wake wa kupindukia. Rangi sakafuni na vibandiko mlangoni huweza kuwa pambo la siku ya wageni tu, na hakuna mpangilio wa rafu utakaoziba pengo la wauguzi wawili wanaohudumia wodi ya watu wanne. Kiwandani nako, mfanyakazi anayehisi kwamba kila upotevu anaouripoti utamfukuzisha jirani yake, hunyamaza.

Nilipomsimulia shemeji yangu haya yote, alisikiliza mpaka mwisho huku akimsuka binti aliyezaliwa usiku ule. Kisha akauliza kama yule muuguzi wa mchana aliwahi kuambiwa lolote zaidi ya kugombezwa.